Anayeita Rangi

"Nyeupe, vitatu. Kijani, kimoja. Nyeupe, viwili. Buluu, kimoja."

Mama Akaiti akitamka hivyo, wanawake waliokaa mikekani katika ukumbi wa kijiji huinua viraka kutoka kwenye mabakuli yao na kuvitunga katika uzi, kimoja baada ya kingine, kama watu wanaotunga maua ya shada. Viraka ni vidogo, hakuna kinachozidi ukubwa wa kidole gumba. Uzi ukijaa hupigwa fundo na mwingine huanzwa. Baadaye kila mmoja huenda na tungo zake nyumbani, akavichomoa viraka kwa mpangilio uleule na kuvishona mstari kwa mstari, hadi apate pembetatu moja ya shuka. Pembetatu zote zikiunganishwa ndipo maua yanapojitokeza. Kabla ya hapo huoni kitu ila vitambaa vilivyochomwa sindano, na mwenye ua zima kichwani ni yule mmoja anayeita.

Watu wa Atiu, kisiwa kidogo katika Bahari ya Pasifiki, huziita shuka hizi tivaevae. Hazina joto la maana, na kisiwa chenyewe hakina baridi ya maana. Hutolewa kwa maharusi, kwa mtoto wa kiume siku anayokatwa nywele kwa mara ya kwanza, kwa mgeni anayeondoka asijulikane kama atarudi, na kwa maiti, ambaye hufunikwa nayo na kuzikwa nayo. Mwaka kushona, na siku moja inaingia udongoni. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilitaka kupiga kelele. Wenyewe walikuwa wakiimba.

Kuna mambo mawili kuhusu kazi hii ambayo hakuna anayemfundisha mtu, kwa kuwa kila mtu amekua nayo. La kwanza, anayeita hakosolewi. Akiita nyekundu kwenye jani, unatunga nyekundu, unashona nyekundu, unanyamaza. La pili, shuka ni ya aliyeita. Wanaweza kuishona wanawake wa kijiji kizima vidole vikatoka damu, lakini siku ya ukaguzi wa nyumba, kamati inapopita mlango kwa mlango na kila mama ametandika shuka zake bora kitandani na barazani, swali ni moja: "Ya nani hii?" Na jibu ni jina la aliyeita.

Katika kijiji cha Areora, kwa miaka mingi, jibu lilikuwa Akaiti. Mimi nilikuwa mpangaji wake, katika chumba cha nyuma kinachotazama mashina ya kahawa, na sijaingia nyumba hata moja ya kijiji kile nikakosa kuonyeshwa sandukuni kitu kilichoitwa kwa sauti yake. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa mwendo, mjane wa Papa Maara, mwenye sauti kavu iliyofika mbali bila kupandishwa. Mchungaji aliionea wivu.

Shuka niliyoanza nayo hapo juu ilikuwa ya mtoto wake mwenyewe.

Akaiti hakuzaa. Tereapii alizaliwa na Upokoina, dada wa Maara, wifi yake Akaiti, nyumba ya tatu kwa kuhesabu kutoka kanisani. Upokoina alikuwa na watoto tele. Mimba hii ilipoonekana, Maara alikwenda kwa dada yake na mkeka mpya chini ya kwapa akakaa nao bila kusema neno, na Upokoina akasema, "Haya, kaka, nimesikia." Mtoto alipoacha ziwa alihamia kwa Akaiti. Sisi Waswahili tuna methali ya kumpima mzazi na mlezi nani kafanya kazi zaidi. Watu wa Atiu hawapimi. Mtoto wa namna hiyo humwita angai, na neno hilo maana yake ni kulisha tu. Mtoto wa kulishwa. Tereapii alipita nyumba ya Upokoina kila siku akienda shule, akamwamkia shangazi, akapewa ndizi, akaendelea na safari.

Lakini Akaiti alikuwa akipima, kimyakimya. Aliniambia siku moja, tukimenya taro, ndiyo magimbi, kwamba Tereapii akiwa mdogo alishikwa na homa kali, na Upokoina alikuja akasimama uani, chini ya mvua, asiingie. Alisimama mpaka aliposikia watu ndani wanacheka, akajua homa imeshuka, akaondoka.

"Ulimwona?" nikamuuliza.

"Nilimwona dirishani."

"Hukumwita?"

Akaendelea kumenya. "Angeingia," akasema, "mtoto angemnyooshea nani mikono?"

Sasa Tereapii alikuwa fundi wa meno huko Auckland, na alikuwa anarudi Krismasi kufunga ndoa na kijana wa Mangaia, kisiwa kingine. Akaiti alikuwa ameita shuka za harusi za nusu ya kisiwa. Hii aliiweka kwa ajili yake tangu msichana akiwa na mapengo: maua ya yungiyungi, petali za buluu, majani ya kijani, kwenye uwanja mweupe. Kielelezo chake, pembetatu moja ya zamani aliyoachiwa na mama mkwe, alikipakata na kukisoma kiraka kwa kiraka.

Wa kwanza kuona tatizo alikuwa Tekura, mwanamke kijana aliyekuwa amerudi kutoka ng'ambo na bado alikuwa akijifunza kukaa chini bila kulalamika magoti. Alimaliza pembetatu yake, akaenda jikoni kwa Upokoina kuilinganisha na ya mwenzake.

"Mama Upokoina, nimeharibu," akasema. "Maua yangu yana petali za kijani. Yako yana za buluu."

Upokoina akaiangalia. Ni mwembamba, mwenye ulimi uliokwisha kuwatimua makatekista wawili. Siku ile, Tekura ananiambia, hakuwa na utani.

"Hukuharibu. Umeshona alichoita."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshona alichotaka kuita."

Ilikuwa sukari, imeingia machoni. Akaiti alikuwa amesafiri kwenda Rarotonga, kisiwa kikuu, daktari akamwangalia machoni kwa taa, akamwambia kilichokwisha kwenda hakirudi, tulinde kilichobaki. Aliporudi aliwaambia watu amepewa miwani. Umbo aliliona, mtu akipita njiani alimjua kwa mwendo. Ila buluu na kijani vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, na njano ilikuwa inaelekea kwenye weupe.

Wanawake wakaelewana bila kikao. Akaiti alipoita kijani mahali pa ua, walitupa jicho kwenye mkono wa Upokoina, wakaona unaingia bakuli gani, nao wakaingia humohumo. Kazi ikaendelea hivyo majuma kadhaa, Tekura akafumua pembetatu yake na kuishona upya, na shuka ikawa inakwenda vizuri kuliko zote.

Ila mtu aliyeita rangi maisha yake yote anaijua sauti ya mikono. Zamani alipotamka, mikono ilishuka pamoja. Sasa ilikuwa inachelewa kidogo, kama kwaya inayomngoja mwenye kuijua nota. Akavumilia. Alasiri moja, katikati ya mstari, kwa sauti ileile kavu, akasema:

"Nyeupe, viwili. Nyeusi, viwili. Nyeupe, kimoja."

Hakukuwa na kiraka cheusi hata kimoja katika ukumbi ule. Hakuna bakuli la nyeusi. Yungiyungi gani lina nyeusi?

Mikono ilingoja. Ule wa Upokoina ukaenda kwenye bakuli la nyeupe. Mingine ikafuata. Sindano zikapita. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeuliza.

"Tekura," akasema Akaiti.

"Naam, Mama."

"Nyeusi umeitoa bakuli gani?"

Tekura akageuka kumtazama Upokoina.

"Usimwangalie huyo. Rangi sizioni, lakini shingo ikigeuka naiona."

"Wifi," Upokoina akaanza, "sisi tulikuwa tu—"

"Mlikuwa mnanilisha uji kwa kijiko." Akakunja kielelezo, akakitia kwenye mkoba. "Tangu lini? Hapana, usiniambie. Mmecheka mkienda nyumbani?"

"Hakuna aliyecheka!"

"Basi ndiyo mbaya zaidi," akasema, akainuka kwa kujishika ukutani.

Kazi ikasimama. Akaiti akawa haendi ukumbini, anapalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Mabakuli yakafunikwa kwa taulo. Na meli iliyoleta unga ilileta pia habari kwamba Tereapii amekata tiketi, na watu wa Mangaia wanakuja na nguruwe wao wenyewe, jambo ambalo Areora walilipokea kama tusi.

Upokoina alikuja siku ya Jumamosi, wanaume wakiwa msituni kwenye pombe yao ya machungwa, na sufuria mkononi.

"Sitaki chakula," Akaiti akasema kutoka barazani.

"Nani kakuletea wewe? Nimemletea mpangaji wako. Anakonda, watu wanasema unamnyima." Akaniwekea sufuria mezani, majani ya taro kwenye tui zito, akarudi barazani akaketi ngazini. Nilikula. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyenitaka niufunge.

Walianza na nguruwe wa Mangaia. Wakaja kwa mchungaji. Kisha Akaiti akasema:

"Ita wewe."

"Niite nini?"

"Usijifanye mjinga, umezeeka. Rangi. Wewe ndiye unayeijua shuka ile."

"Ninaijua kwa sababu nimekusikiliza wewe. Mimi nikiita, naita kama anayefukuza kuku."

"Hilo kweli." Akaiti akanyoosha miguu. "Na unajua watakachosema."

"Watu wa Atiu? Mbuzi akipiga chafya wanasema."

"Watasema shuka ya harusi ya Tereapii imeitwa na aliyemzaa. Watasema, ona, damu imerudi kwao. Nami nitakuwa nimekaa pale na taji la maua kichwani, kama mgeni aliyealikwa."

Nikaweka kijiko changu chini.

"Basi ita mwenyewe," Upokoina akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ita unavyoona. Tutashona unavyosema, petali za kijani, majani ya buluu, hata nyeusi yako tutaitafuta. Iwe yako."

"Kamati ipite kwake, imcheke mtoto wangu?"

"Nani atamcheka? Nitawatoa mbio."

"Utawatoa mbio mpaka Auckland?"

"Basi nitaita mimi, na tutasema umeita wewe. Nani atajua? Tekura nitamkata ulimi. Wengine wanajua nitawakata bila kuambiwa."

Nilikuwa nikiuona mgongo wa Akaiti kwenye nafasi ya mlango, mpana, umetulia, na sikuweza kujua unawaza nini. Nimekaa katika nchi nyingi ambako fundi huweka jina lake pembeni mwa kazi, kwa wino au kwa uzi, na ugomvi wa namna hii hauwezekani, kwa sababu jina liko pale na haliondoki. Hapa jina lilikuwa mdomoni mwa watu tu. Lingeweza kwenda kokote.

"Mimi sina watoto wengine wanane kama wewe," Akaiti akasema. "Nilikuwa na huyu."

"Nimewahi kukudai?"

"Hujawahi."

"Hata siku moja?"

"Ungewahi," Akaiti akasema, "ningejua namna ya kukukatalia." Akajifuta uso kwa pindo la gauni. "Jumatatu. Uje mapema, na usiite haraka. Na hayo mengine ya kusema ni ya nani, tuyaache kwanza."

Upokoina alilichukua neno hilo la mwisho kuwa ni kukubali uongo wake. Mtu yeyote angelichukua hivyo.

Jumatatu Akaiti alikaa mkekani kati ya Tekura na mama mmoja mzito wa kusikia, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu alipokuwa bi harusi mpya. Tekura alimpa viraka mkononi kadiri vilivyotajwa, naye akavitunga. Mwanzoni vidole vyake vilikuwa vizito, vikajichoma sindano mara mbili tatu, kisha vikakumbuka. Upokoina aliita vibaya sana. Aliruka mistari, akarudi, akaita buluu kwa sauti ya mtu anayeapiza.

"Polepole, wifi!" Akaiti akasema. "Nimepoteza macho, sijapoteza hamu ya kuishi."

Wanawake wakacheka mpaka mabakuli yakamwagika. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumkosoa anayeita katika ukumbi ule, na Upokoina alilalamika kwamba sasa heshima imekwisha duniani. Lakini aliita polepole. Jioni moja nilimkuta amekaa peke yake na kile kielelezo, akisomasoma mistari kwa midomo kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani.

Shuka ilikamilika juma la mwisho kabla ya Krismasi. Waliitandaza ukumbini, wakazima redio. Yungiyungi zilikuwa zimekaa kwenye weupe kana kwamba zimemwagiwa maji sasa hivi. Akaiti alipiga magoti akapitisha kiganja, pembetatu hadi pembetatu. Alimtambua kila mmoja kwa mshono wake, akawataja. Alipofika kwenye ya kwake mwenyewe, ile aliyoishona kwa kupokea viraka mkononi, akapita bila kutaja kitu. Kisha akasema, "Nzuri. Kunjeni, vumbi."

Harusi ilikuwa kubwa. Nguruwe wa Mangaia walikuwa wanono, hilo nalo likabidi lisamehewe. Baada ya kanisa, maharusi waliketishwa kwenye viti viwili katikati ya ukumbi, ngoma zikapigwa, na zawadi zikaanza kuingia. Ukoo unaotoa shuka huiingiza ikiwa imekunjuliwa, wanawake wameshika pembe wanacheza, wanawavika maharusi mabegani, na Papa Ngariki, shemasi, anatangaza kwa kipaza sauti ni ya nani. Hawazivui. Zinapandana. Mchana ule wa joto la Desemba, Tereapii alikuwa amebaki uso tu juu ya mlima wa vitambaa, taji lake limeteleza hadi kwenye jicho, jasho linamtiririka, anacheka. Mumewe hakuonekana kabisa.

Yungiyungi zikaingia. Ukumbi ukatoa sauti ile watu wanayoitoa wanapoona kitu ambacho kila mmoja angetaka kuzikwa nacho. Akaiti alishika pembe moja ya mbele, Upokoina nyingine. Wakamvika.

"Tivaevae hii," Papa Ngariki akasema, "ni ya Mama Akaiti!"

Ngoma. Vigelegele. Kisiwa ni kidogo: hapakuwa na mtu mzima mle ndani asiyejua ni nani aliyeita rangi tangu Jumatatu ile, na hapakuwa na hata mmoja aliyegeuza shingo. Wote waliliacha tangazo lipite, kama wanawake walivyoiacha nyeusi ipite siku ile.

Akaiti hakwenda kukaa. Alisimama palepale mpaka mpigangoma mmoja akamwona, kisha mwingine, na ngoma zikakoma.

"Papa Ngariki," akasema, na ile sauti haikuhitaji kipaza, "umekosea."

"Nimeambiwa hivyo, Mama."

"Aliyekuambia namjua. Shuka hii ameiita Upokoina."

"Wifi, kaa chini!" Upokoina akasema. "Nani kakuuliza?"

Watu wakacheka, kwa kuona afadhali pamepatikana pa kuchekea. Papa Ngariki alisimama na kipaza sauti chake, mtu mwema, mwenye suti ya sufu katika joto lile, akiwatazama wawili wale kwa zamu.

"Sasa niseme ni ya nani?"

"Sema ya Upokoina," Akaiti akajibu. "Mimi mtoto ninaye."

Hapo hapakuwa na kicheko. Neno lile lilikuwa na makali pande zote mbili, na kila mtu alilisikia, upande uliotoa shuka na upande ulioshika mtoto. Nilimtazama Upokoina. Pembe ya shuka ilikuwa imeburuta sakafuni, karibu na miguu ya watu. Akainama akaiinua, akaipangusa vumbi lisilokuwepo, akabaki ameishika.

"Mama," Tereapii akasema kutoka kwenye mlima wake, "kaa basi. Watu wana njaa."

Akaiti akaenda kukaa. Papa Ngariki akakohoa, akatangaza jina la Upokoina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na ngoma zikaanza tena, maana wanawake wa kijiji cha Mapumai walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni na shuka yao, wanasukumana, na huko nje tanuri la ardhini lilikuwa limefunuliwa na harufu ya nyama ilikuwa imeingia ukumbini.